Nilivyoezeka Paa la Dani Dorsila

Wadogo zangu wa darasa la saba na la nane, na nyinyi wa fomu wani ambao sare bado zinawapwaya, kaeni vizuri. Anayewaandikia ni mwalimu mstaafu. Nina umri wa miaka kumi na saba.

Najua walimu wengine hustaafu wakiwa na mvi, wakapewa hotuba ndefu na saa ya ukutani. Mimi niliingia kazini mapema, nikachoka mapema, na zawadi yangu ilikuwa kuku mmoja aliyetoroka kabla basi halijafika Ahero. Lakini haki za mstaafu ninazo zote. Nina haki ya kusema "enzi zetu", haki ya kukohoa kabla ya kujibu swali, na haki ya kutoa ushauri ambao hakuna aliyeuomba.

Ushauri wa kwanza: mtu akikwambia alijitolea kwenda kufundisha watoto wa mashambani huko mbali, bila mshahara, muulize ni nani aliyemtoa. Mimi nilitolewa na mathe.

Ilikuwa hivi. Nikiwa fomu tu, yaani kidato cha pili, mbuzi wa shule yetu alionekana gwarideni asubuhi moja akiwa amevaa tai ya naibu wa mwalimu mkuu. Ilimkaa vizuri, hata naibu mwenyewe hakuwahi kukaliwa na ile tai namna hiyo. Sitasema nani alimvalisha. Nitasema tu kwamba nilipewa barua ya kukaa nyumbani mpaka muhula wa pili. Mama yangu, anayeuza nguo za mitumba pale Nyamasaria, aliisoma barua mara mbili, akaikunja, akaitia kifuani. Hakupiga kelele. Mama yangu asipopiga kelele, wewe anza kufunga virago.

"Ndugu yangu Nashon anatafuta mwalimu wa darasa la pili," akasema.

"Lakini Mama, mimi si mwalimu."

"Na mbuzi si naibu," akasema. "Utaenda Jumatatu."

Mjomba Nashon alikuwa mwalimu mkuu wa shule moja ya msingi ufuoni, upande wa Nyakach. Jina la shule silitaji kwa sababu Mjomba anasoma kila kitu, hata karatasi za kufungia sukari. Kutoka Katito nilitembea nikiwa na godoro kichwani mpaka nikaliona ziwa. Au tuseme nililiona gugumaji. Mwaka ule gugumaji lilikuwa limelifunika ziwa mpaka ungedhani ni uwanja wa mpira. Ng'ombe mmoja alidhani hivyo, na wavuvi walimtoa kwa kamba.

Mjomba alinipokea langoni. "Hapa hakuna mzaha, hakuna kuchelewa, na hakuna mbuzi," akasema.

"Ndiyo, Mjomba."

"Shuleni mimi si Mjomba. Ni Mwalimu Mkuu."

"Ndiyo, Mjomba Mwalimu Mkuu."

Akanitazama kwa muda mrefu, kama mtu aliyenunua samaki na kufika nyumbani ndipo akamnusa.

Darasa langu halikuwa ndani ya shule. Mwaka uliotangulia kimbunga kilikuwa kimeng'oa mabati ya darasa la pili na kupeleka nusu yake ziwani, na mabati mengine yalikuwa bado yanaahidiwa. Kwa hivyo watoto walikuwa wanasomea nyumbani kwa Dani Dorsila, nyuma tu ya ua wa shule. Dani ni nyanya kwa Kijaluo, na huyu alikuwa nyanya wa kila mtu. Alikuwa mjane, binti zake wameolewa mbali, mmoja huko Muhoroni kwenye miwa. Nyumba yake ilikuwa kubwa, ya udongo, ya kuezekwa kwa nyasi. Sebule aliipa shule bure, yeye akabaki na chumba cha nyuma. Ukuta kati yetu ulikuwa mwembamba. Mara nyingi nikiwa katikati ya somo sauti ilitoka upande wa pili:

"Mwalimu, kumi na saba kutoa tisa ni nane. Mimi sikusoma, lakini nimeuza samaki."

Na nyumba hiyo ilikuwa na tundu. Juu, upande wa ziwani, nyasi zilikuwa zimeoza na kuanguka, na pakabaki shimo ambalo kondoo angepita bila kuinama. Mkaguzi wa shule alikuwa amekuja Januari na pikipiki yake, akatazama shimo, akatazama mawingu, akamwambia Mjomba: "Nitarudi mvua zikianza. Nikikuta darasa la pili linanyeshewa, nalifunga. Watoto wataenda ile shule ya ng'ambo ya mto."

Sasa ule mto, wadogo zangu, wakati wa mvua za Machi hata kiboko hufikiri mara mbili. Mtoto wa miaka saba hauvuki. Anakaa nyumbani akingoja akue. Na mtoto anayekaa nyumbani akingoja akue, akishakua amekwisha sahau alikuwa anangoja nini. Kwa hivyo jambo lilikuwa hilo: watoto arobaini na mmoja, na shimo moja.

Lakini kabla ya shimo, niwape ufundi kidogo, msije mkasema mstaafu hakuacha kitu.

Ubao ukichujuka, vunja betri kuukuu za redio, chukua ule unga mweusi, ponda na majani ya viazi vitamu, paka, acha ukauke. Utang'aa. Wewe pia utang'aa, wiki nzima, hasa masikioni. Chaki iloweke kwenye maji ya sukari, itaandika vizuri na haitatoa vumbi, ila hakikisha darasa halina mtoto anayejua hilo, kwa sababu chaki tamu huliwa. Usimwite mtoto kwa jina moja. Siku ya kwanza niliita "Otieno!" wakasimama sita. Nikasema "Otieno mdogo!" wakakaa wote sita, kila mmoja akimwonyesha mwingine.

Na usifundishe kutoa kwa kutumia omena. Nilimpa kila mtoto dagaa hao kumi waliokaushwa, nikasema tutoe watatu. Nilipogeuka kuandika ubaoni na kurudi, somo la kutoa lilikuwa limefaulu kupita kiasi. Kila mtoto alikuwa na sifuri na mdomo unatafuna.

Aliyeniokoa siku zile ni Akoth. Alikuwa na miaka saba, hana meno mawili ya mbele, na alijua Kiswahili kwa sababu aliwahi kuishi Kisumu na shangazi yake. Kijaluo changu kilikuwa cha Nyamasaria, nusu Sheng. Cha pale ufuoni kilikuwa kizito, cha wenyewe. Nikisema jambo, watoto walimgeukia Akoth, naye alilisema upya. Mara nyingi maneno yangu kumi yeye aliyafanya mawili, na darasa likaelewa. Nilianza kushuku kwamba hata yale mawili hayakuwa yangu. Aliwahi kuniambia: "Mwalimu, wewe unajua mambo mengi lakini unayaweka mbali." Mpaka leo sijui kama nilisifiwa.

Sasa shimo.

Wiki yangu ya tatu mvua ya kwanza ilipita, ndogo tu, ya kutuonjesha. Watoto wa mstari wa mbele waliloa, wa nyuma wakacheka, madaftari mawili yakawa uji. Nikamwendea Mjomba.

"Mwalimu Mkuu, kwa nini hatuzibi lile shimo?"

Akakohoa. "Mambo ya paa yana wakati wake."

Nikamuuliza mwalimu wa darasa la nne. Akasema nyasi bado hazijakomaa. Nyasi zilikuwa zinamfika kiunoni. Nikauliza wavuvi waliokuwa wanashona nyavu. Wakasema ngazi ya kijiji imevunjika, na niliiona imeegemea kanisa, nzima. Nikamwendea Jaduong' Mbuya. Jaduong' ni jina la heshima la mzee, na yeye alistahili heshima kuanzia kwenye kofia, maana ilikuwa kofia kweli, ya manyoya, hata juani. Alikuwa ndugu wa marehemu mume wa Dani. Akanitazama, akatazama paa, akatazama viatu vyangu.

"Kijana," akasema, "wewe fundisha."

Basi nikaamua kijiji kizima ni wavivu. Ujana, wadogo zangu, ni ugonjwa wa kudhani kwamba kila mtu anayenyamaza hana sababu. Nyinyi bado mnao. Mimi nilipona kwa ajali.

Jumamosi Mjomba alikuwa ameenda matangani, Wasabato walikuwa kanisani, na waliobaki walikuwa sokoni Katito. Nikachukua ngazi iliyovunjika, ile nzima. Nikakata nyasi nyuma ya shule, nikafunga mafungu kwa kamba ya katani, nikapanda. Nilianzia juu. Nilipokuwa kwenye fungu la tatu nikasikia sauti chini.

"Anzia chini. Maji hayapandi mlima."

Alikuwa Dani Dorsila. Alikuwa ametoa kigoda chake nje, sinia ya omena mapajani, anachambua mawe. Nikashuka hadi ukingo wa chini wa shimo, nikaanza upya, fungu la juu likalalia la chini kama magamba ya samaki. Huo ndio ufundi wenyewe. Dani hakusema lingine ila "vuta kamba" na "hapo umeacha mlango wa popo". Saa saba akaniletea uji. Alinitazama siku ile kama mtu anayetazama barua yake ikifunguliwa na mwingine. Nilipomaliza na kushuka, nimekwaruzika, nimejaa mavumbi, akanipa mkono, akaushika wangu kwa mikono miwili.

"Asante, mwenye nyumba," akasema.

Nikadhani ni adabu tu. Nikasema, "Karibu, Dani."

Jumatatu nikaingia darasani na wimbo mdomoni. Hakukuwa na mtoto hata mmoja. Mabao ya kukalia yalikuwa matupu, paa limeziba, kumetulia kama kanisa siku ya Jumanne. Halafu nikaona meno mawili yasiyokuwepo, dirishani. Akoth alikuwa amesimama nje, daftari kifuani.

"Wenzako wako wapi?"

"Nyumbani. Wameambiwa wakiingia humu watapata chira."

Chira nilikuwa nimeisikia. Ni ile balaa inayomkausha mtu aliyevunja mwiko, yeye na watu wake, akakonda na dawa isimwingie.

"Chira ya nini?"

"Kwa sababu umeoa Dani."

Nilidondosha chaki. Ilikuwa ya mwisho, na ilikuwa tamu.

Nikakimbia kwa Mjomba. Nilimkuta ofisini ameshika kichwa kwa mikono yote miwili kana kwamba kinavuja nacho. Alinieleza, taratibu, kama anamweleza mtoto wa darasa la pili. Mume akifa, paa la mjane haliguswi. Likioza, likaanguka, haliguswi. Linangoja mpaka mjane amkubali mwanaume wa ukoo wa mumewe awe mwangalizi wake, na huyo ndiye huliezeka. Mwanaume akiezeka, ametangaza: nyumba hii ina mwenyewe. Dani alikuwa mjane miaka sita. Walikuja wanne kumwomba, akawakataa wote. Wa kwanza kukataliwa alikuwa Jaduong' Mbuya. Na sasa paa limeezekwa na mtoto asiye wa ukoo, ambaye hakukubaliwa, ambaye hata ndevu hana. Kwa hivyo mwiko umevunjwa, na anayeingia mle anaubeba.

"Mjomba, kwa nini hukuniambia?"

"Mambo haya mtu haambiwi. Mtu anajua."

"Mimi sikujua."

"Naona."

"Wewe mwenyewe unaamini?"

"Mimi nina diploma ya ualimu."

"Hilo si jibu, Mjomba."

"Ndiyo maana nimelitoa. Mkaguzi anakuja Ijumaa. Wiki jana nilikuwa na watoto bila paa. Leo, asante kwako, nina paa bila watoto."

Nikaenda kwa Jaduong' Mbuya kumwomba msamaha. Alikuwa ameketi mbele ya nyumba yake, kofia kichwani.

"Mzee, nitazitoa zile nyasi leo hii."

"Kuzitoa ni kubomoa nyumba ya mjane. Hiyo ni mbaya zaidi."

"Basi niziache?"

"Kuziacha ni mbaya."

"Sasa nifanye nini?"

"Hakuna aliyekwambia ufanye kitu," akasema. "Hapo ndipo taabu yako ilianzia."

Nilirudi nikiwa nimechanganyikiwa kuliko nilivyoondoka. Njiani wavuvi wakaniona. "Mwenye boma! Umeamkaje?" "Shemeji, nyumbani hawajambo?" Mmoja alisimama kabisa, akavua kofia: "Mzee, ng'ombe wa mahari utawatoa wapi, au utatoa mbuzi mwenye tai?" Ndiyo, hata hiyo walikuwa wamesikia. Mama ana mdomo.

Jumanne Akoth alirudi dirishani.

"Mama yako atakuchapa," nikamwambia.

"Mama alisema nisiingie. Hakusema nisisome."

Basi nikafundisha. Mimi ndani peke yangu na mabao matupu, yeye nje juani, kiwiko juu ya ukingo wa dirisha. Alisoma ukurasa mzima bila kukwama. Ukurasa mzima! Wiki mbili kabla alikuwa anasoma kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Nikatazama juu kwenye lile paa langu zuri, nikajisikia vibaya namna ambayo mbuzi hakuwahi kunifanya nijisikie. Ijumaa mkaguzi angefunga darasa. Huyu hatavuka mto. Na aliyemfungia ni mimi, kwa kamba ya katani, fungu juu ya fungu.

Nilizunguka nyuma, nikabisha kwa Dani. Alikuwa anapika.

"Dani, ulijua?"

"Nilijua nini?"

"Kwamba nikiezeka itakuwa hivi."

"Nilikuona tangu ulipofunga fungu la kwanza," akasema bila kugeuka.

"Na hukunizuia!"

"Nikuzuie kwa nini? Miaka sita nanyeshewa ndani ya nyumba yangu kwa sababu nimekataa mwanaume. Wanaojua hawawezi kupanda. Mjomba wako anajua. Wavuvi wanajua. Hata padri alipokuja alitazama juu, akaomba, akaondoka. Nikamwambia Mungu, basi niletee mjinga. Akakuleta wewe, na ngazi."

Sikujua nicheke au nilie. Nikasema tu: "Watoto wameondoka, Dani."

Hapo akageuka. Mwiko wa ugali ulibaki hewani. Yule mama ambaye kutoka nyuma ya ukuta hakuwahi kukosea hesabu alikaa juu ya kigoda chake.

"Hao sikuwahesabu," akasema.

Ugali ulipoanza kunukia moshi akauliza: "Ijumaa, siyo? Waite wazee Alhamisi asubuhi. Waambie Dorsila anataka kukiri kosa mbele yao."

Walikuja wanne, na Mjomba wa tano. Hawakukubali kuingia. Walitoa mabao ya watoto nje, wakaketi uani, kofia ya Jaduong' Mbuya katikati. Wazazi wengi walisimama kando ya ua, wakijifanya wanapita. Mimi niliambiwa nisimame ukutani, nikasimama. Dani aliketi ndani, mlangoni kabisa, omena mapajani. Upande wa ziwa mawingu yalikuwa yamejipanga, meusi kama ubao uliopakwa upya.

"Dorsila," akaanza Jaduong' Mbuya, "umeleta aibu."

"Nimeleta swali," akasema Dani. "Mtoto huyu ameezeka nyumba yangu. Mnasema nini: imehesabika au haikuhesabika?"

"Namna gani haikuhesabika? Kila mtu anaona paa!"

"Basi imehesabika. Vizuri. Nyumba yangu ina mwenyewe." Akanionyesha kwa kidole chenye magamba ya samaki. "Ni yule pale, anayejikuna. Kwa hivyo shemeji yangu, kuanzia leo mwanaume mwingine asije kuniuliza. Nimekwisha pata. Atakuwa anasoma sekondari, mimi nitangoja."

Wazazi wakaangua kicheko. Mzee mmoja akaziba mdomo kwa kofia yake. Jaduong' Mbuya hakucheka.

"Usicheze na mila, Dorsila! Huyu ni mtoto! Mtoto hawezi kuwa mwenye nyumba!"

"Hawezi?"

"Hawezi kabisa!"

"Basi haikuhesabika," akasema Dani. "Mtoto amecheza kwenye nyasi. Watoto hucheza. Mwiko umevunjwa wapi? Chira itoke wapi?"

Niliwatazama wazee wakifikiri, na wallahi, sijawahi kuona watu wazima wanne wakichanganyikiwa kwa pamoja hivyo. Mmoja alifungua mdomo, akaufunga. Mwingine alianza, "Lakini kama haikuhesabika, na paa liko..." akapotea humo humo. Mjomba alikuwa anatazama vidole vyake kana kwamba jibu limeandikwa kwenye kucha.

Halafu tone la kwanza likaanguka. Likaanguka juu ya kofia ya manyoya.

Mvua ya ziwani haibishi hodi. Kufumba na kufumbua ilikuwa inatupiga kama changarawe. Wazazi wakakimbilia madarasani. Wazee wakabaki, maana kikao hakijafungwa, na pa karibu pa kujificha palikuwa mahali pamoja tu: mle ndani, chini ya paa wanalobishania. Dani aliketi pale pale, mkavu, akichambua omena.

Mzee wa kwanza alistahimili kidogo, akasema, "Kifua changu," akaingia. Wa pili akasema anaingia kumwangalia wa kwanza. Wa tatu hakusema kitu. Mjomba alinitazama, akatazama mvua, akaingia na diploma yake. Mimi nilibaki ukutani kwa sababu hakuna aliyeniambia niondoke, na nilikuwa nimejifunza.

Akabaki Jaduong' Mbuya peke yake kwenye bao la watoto, magoti yamefika kidevuni, kofia imemlalia usoni kama paka aliyezama. Dani akasogeza kigoda, akaacha njia.

"Shemeji," akasema, na sauti yake safari hii haikuwa na mzaha, "wewe uliniuliza vizuri, miaka sita iliyopita. Na mimi nilikujibu vizuri. Nilisema nataka kukaa na jina la ndugu yako tu. Hilo halikuwa tusi. Lakini watoto hawa wakivushwa mto, wa kwako watatu wamo. Sema imehesabika, au sema haikuhesabika. Mimi nitakubali neno lako."

Yule mzee alikaa mvuani kwa muda ambao mimi, mwenye hesabu zangu za kusahihishwa, nisingeweza kuupima. Kisha akasimama, akavua kofia, akaikamua.

"Mtoto huyu," akasema kwa sauti ya kusikika mpaka madarasani, "hakufanya kitu."

Akainama, akaingia.

Nikauliza kutoka ukutani, nikitetemeka: "Kwa hivyo Mzee, zile nyasi niziondoe?"

"Kitu kisichofanyika utakiondoaje?" akafoka. "Ingia ndani, mjinga, usife ukatuletea matanga!"

Ijumaa mkaguzi alikuja akisukuma pikipiki kwenye tope. Mvua ilikuwa inaendelea. Alisimama mlangoni mwa darasa la pili, akawahesabu arobaini na mmoja, wakavu. Akatazama juu. Akatafuta shimo, akazunguka, akalitafuta tena.

"Hapa palikuwa na shimo. Nani alilitengeneza?"

Mjomba akatazama viatu vyake. Watoto wote wakatazama miguu yao. Nyuma ya ukuta Dani akakohoa. Akoth akainua mkono, akasimama wima kama nilivyomfundisha.

"Hakuna mtu, bwana. Halikutengenezwa."

Mkaguzi akamtazama, akanitazama mimi, akaandika neno moja kwenye daftari lake, akalikata. Darasa halikufungwa.

Nilimaliza muhula, nikarudi shuleni kwangu, ambako mbuzi alinikumbuka. Bado sielewi. Kama sikufanya kitu, mbona watoto hawakunyeshewa? Na kama nilifanya, mbona Dani alipokuja Nyamasaria kumsalimu Mama aliingia moja kwa moja, akaketi, akasema, "Niko kwa mama mkwe," na Mama akampa kiti cha mbele? Nimemuuliza Mjomba. Akasema mambo haya mtu haambiwi.

Wiki jana ameniandikia barua. Mabati bado yanaahidiwa. Paa la Dani limefunguka tena, safari hii upande wa barabarani, na mvua ziko njiani, na mkaguzi ni yule yule. Watu wote wanatazama miguu yao. Chini ya barua kuna maneno ya Dani, aliyemwamuru Mjomba ayaandike kama yalivyo: "Mwambie yeye asije. Sasa anajua, hafai tena. Muulize kama ana rafiki."

Hiyo ndiyo sababu nimeshika kalamu, wadogo zangu. Nilitaka kumpata mmoja wenu, mwenye miguu ya kupanda na moyo wa kujitolea, asiyejua lolote. Nimeandika usiku kucha, nikajisifu, nikapamba, na sasa hivi tu, nikiwa nafika mwisho, ndipo ninatambua nilichofanya. Mmesoma yote. Mnajua.

Kama yuko mmoja wenu aliyelala tangu pale kwenye mbuzi, tafadhali msimwamshe. Nipeni jina lake, nami nitamwonyesha ngazi iko wapi.